Ufuo Usio na Mbu

Mama yangu alikuwa na maadui wawili: mbu, na kina mama wa ufuo wa jirani. Mbu aliwachukia kwa kiasi. Wale wengine aliwachukia kwa sababu ya choo.

Kisa chenyewe ni cha miaka ya themanini, wakati bwana afya alipokuwa akipita nyumba kwa nyumba huku kwetu Seme, kando ya ziwa, kukagua usafi. Alitazama kichanja cha kuanikia vyombo, akatazama shimo la taka, akafunua mitungi kuona kama ina viluwiluwi vya mbu. Mwisho wa mwaka kulikuwa na baraza, na ufuo uliokuwa safi kuliko wenzake ulipewa sufuria. Kina mama wake walisimamishwa mbele ya chifu wapigiwe makofi. Mwaka mmoja kikundi cha mama yangu kilikuwa kimeshinda kila kitu, mitungi mikavu, vichanja vimenyooka, hata kuku walionekana wameoga. Asubuhi ya ukaguzi mbuzi wa jirani alikula gunia tulilolitundika kuwa mlango wa choo. Bwana afya akafika akakuta choo kiko wazi, akaandika hivyo kitabuni, na sufuria zikaenda upande wa pili wa ghuba. Mama hakumsamehe mbuzi yule, hakuwasamehe wale wanawake waliopokea sufuria, na alipokuwa akipika ilikuwa ni lazima ataje sufuria ambayo ingekuwa yetu.

Kwa hiyo alikuwa na sababu zake za kuwa fundi wa kufukuza mbu. Tangu zamani nyumba za kwetu zilijua kivumbasi, ambacho kwa Kijaluo tunakiita mieny. Kilichumwa porini, kikatandikwa chini ya mkeka au kikatupwa juu ya makaa jioni pamoja na mavi makavu ya ng'ombe. Ule moshi uliwafukuza mbu, ni kweli. Uliwafukuza na wageni pia. Mama alitaka kitu ambacho mtu angeweza kukaa nacho bila kukohoa, na kitu hicho alikipata mjini Kisumu.

Mara mbili kwa wiki alipeleka omena, dagaa wetu wa ziwani, soko la Kondele. Akishauza alishuka mjini kununua mafuta ya nazi katika duka la Mhindi mmoja, na hapo barazani alikuwa anakaa mama mzazi wa mwenye duka, bibi kizee mwenye sari nyeupe, pembeni yake mmea ndani ya debe. Mama aliuinamia mmea ule akaunusa, akaona ni ndugu kabisa wa mieny yetu. Siku nyingine akamkuta bibi anaumwagilia maji, anauzunguka, anaunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Mama alirudi nyumbani akatutangazia kwamba Wahindi wanawajua mbu kutushinda sisi, maana wao wamefika mahali pa kuwaombea.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mmea ule unaheshimiwa kwa mambo ya dini, wala si kwa habari ya mbu. Nilimweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani kwa huyo mama kulikuwa na mbu?" Nikasema sijui. Akasema basi nimwache.

Bibi yule ndiye aliyemfundisha kutia mbegu za mwarobaini katika mafuta ya nazi. Walizungumza kwa kile Kiswahili cha dukani ambacho hakina haja ya kitenzi. Mengine mama aliyatafuta mwenyewe kwa kujaribu juu yetu sisi watoto. Majani ya kivumbasi aliyaanika kivulini, kamwe si juani, kwa kuwa jua linakunywa harufu. Mbegu za mwarobaini alizimenya akazitwanga. Mchaichai aliukata vipande. Vyote aliviweka katika mafuta ya nazi juu ya moto mdogo kuanzia chakula cha mchana hadi ng'ombe wanaporudi, na ole wake atakayeongeza kuni. Yakichemka, alisema, ni ya kukaangia samaki. Baadaye aliyachuja kwa kitambaa akayeyushia nta ya nyuki ili yashike mwilini.

Harufu yake siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajalala nayo. Ilianza vizuri, kwa mchaichai. Kisha mwarobaini ulikuja. Nilipokwenda shule ya bweni nilichukua chupa moja, na kwa miaka minne kitanda changu kilikuwa kando ya dirisha kwa ombi la wenzangu wote. Lakini mbu hawakunigusa, na yule aliyeongoza ombi hilo alilazwa kwa malaria mara tatu.

Mimea ile ile ilikuwa pia duka letu la dawa. Kivumbasi kilichemshwa tukajifukiza mvuke wake ndani ya blanketi tulipokuwa na mafua. Mchaichai ulikuwa wa tumbo, na wa wageni siku majani ya chai yalipokwisha. Mwarobaini ulikuwa wa homa. Ukiunywa, uchungu wake uliusikia mpaka masikioni, na wengi wetu tulipona haraka ili tusipewe kikombe cha pili.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kusubiri matokeo, kisha kusubiri kazi, kisha kusubiri tu. Kaka yangu alikuwa anafanya kazi kiwandani Kisumu na alirudi mwisho wa mwezi. Mke wake alikaa nasi. Mama alimwita Nyar Alego, yaani binti wa Alego, maana kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka mwezi wa saba kwa sababu ya malaria. Sasa alikuwa na nyingine, mwezi wa tano, na nyumba nzima ilitembea kwa vidole.

Tatizo lilikuwa kwamba Nyar Alego hakuweza kuivumilia harufu ya mafuta ya mama. Kabla ya mimba alijipaka kama sisi sote. Sasa chupa ikifunguliwa nyumba ya pili, yeye anakimbilia nyuma ya jikoni kutapika. Mama alijaribu kupunguza mwarobaini, akajaribu kuongeza mchaichai, akajaribu maganda ya machungwa. Wifi yangu alitapika kwa adabu kila mara, akaomba radhi. Mwarobaini wa kunywa mama hakumpa, kwa kuwa mjamzito hapewi. Alimeza vidonge vya kliniki, vikamwasha ngozi akajikuna usiku na mchana. Mtu mmoja tu katika ufuo mzima hakuweza kukingwa na mafuta ya mama, na mtu huyo alikuwa amebeba mjukuu wake wa kwanza.

Ndipo ulipokuja mradi.

Ulikuja na pikapu, na kijana mpole mwenye miwani aliyesoma Nairobi. Barazani alitueleza kwamba mradi wao unahesabu mbu. Wangehesabu kwetu na ufuo wa jirani kwa wiki sita, halafu ufuo mmoja ungepewa neti zilizochovywa dawa, na mwingine ungengoja mwaka unaofuata. Neti za namna hiyo hazikuwa madukani. Hata zile za kawaida tulizijua kwa mwalimu mkuu na watu wa kiwango chake. Kijana hakusema ni ufuo upi utakaopewa kwanza, maana aliona jambo hilo liko wazi. Sisi nasi tuliona liko wazi, basi hakuna aliyeuliza.

Mama alirudi nyumbani anatembea kama msichana. "Safari hii hakuna mbuzi," alisema.

Aliwaza hivi, na sikumwona mtu hata mmoja aliyewaza vingine: serikali ikija kuhesabu uchafu, mwenye uchafu mdogo ndiye anayepewa sufuria. Ufuo wenye mbu wachache ndio utakaopewa neti. Alimketisha Nyar Alego kwenye kigoda akamwambia, "Nyathina, mwanangu, wewe tulia. Neti hiyo nitakuletea mimi." Wifi yangu alitabasamu akashika tumbo.

Mradi uliajiri wanaume wanne katika kila ufuo. Kazi yao ilikuwa kukaa mlangoni kuanzia giza linapoingia, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkono mmoja na mrija mkono mwingine. Mbu akitua mguuni, kabla hajauma, wanamnyonya kwa mrija na kumpulizia ndani ya kikombe cha karatasi. Watu wakawaita wavuvi wa mbu. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amevua samaki miaka thelathini, na hii ndiyo mara ya kwanza, alisema, yeye mwenyewe kuwa chambo. Mimi, kwa kuwa niliandika vizuri, niliajiriwa kupokea vikombe asubuhi, kuhesabu, na kujaza fomu.

Mama hakupenda habari ya mumewe kukaa akingojea kuumwa. Alipenda habari ya ushindi. Mafuta yake yalimaliza mambo yote mawili kwa mara moja. Jioni ya kwanza, baba alipotoka kuoga, alimkalisha akampaka kuanzia vidole vya miguu hadi mapajani, akamsugua mpaka akang'aa. Kisha alikwenda kwa wale wanaume wengine watatu, mmoja mmoja, na chupa yake na wanawake wawili wa kikundi, na wote wakapakwa. Msimamizi wa usiku alikuwa binamu yetu. Naye alipakwa ili asijisikie ameachwa.

Asubuhi nilifungua vikombe. Cha baba hakikuwa na kitu. Cha pili hakikuwa na kitu. Cha tatu kilikuwa na nzi mmoja aliyepotea njia. Cha nne kilikuwa na mbu mmoja, na mwenye kikombe hicho alikiri kwa aibu kwamba alikuwa amenawa mguu mmoja kwa sababu ulikuwa na matope. Mama alimpa onyo.

Niliandika: sifuri, sifuri, sifuri, moja. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Sifuri zangu zilikuwa za mviringo kabisa, na nakumbuka nilizifurahia.

Ufuo wa jirani, tulisikia, walikuwa wanajaza vikombe. Wanaume wao walikaa bila chochote miguuni, wakinyonya mbu usiku kucha na kulaani. Kina mama wa kwetu walicheka walipokwenda kuteka maji. Walisema wale hata mbu wao ni wachafu.

Kijana wa mradi alikuja asubuhi tu, kuchukua fomu. Pua yake ilikuwa imeshindwa na omena zilizoanikwa ufuoni, kwa hiyo hakunusa kingine. Mwisho wa wiki ya pili alisimama kando ya pikapu akizifunua karatasi zangu moja moja. "Sister," alisema, "mbu ya hapa imeenda wapi?"

Nilisema tunajitahidi na usafi.

"Basi nyinyi mko na bahati," alisema. "Ikiendelea hivi, neti zinaenda kwa wale wengine. Huko ndiko watu wanaumia." Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayetoa pongezi, akaingia kwenye pikapu.

Nilibaki pale na kalamu mkononi. Nilielewa saa ile ile, sitasema sikuelewa. Zilikuwa zimebaki wiki nne. Ningeweza kumkimbilia kijana nikamwambia ukweli, lakini baba angefukuzwa kazi pamoja na wenzake wote, na binamu yetu, na mimi. Ningeweza kumwambia mama. Jioni nilikwenda jikoni, nikamkuta amekaa juu ya chungu chake, anakoroga kwa kijiti, jasho linamtiririka, anaimba wimbo wa kanisani.

"Mama," nilisema, "si upunguze kidogo mafuta ya baba?"

"Nipunguze ili aumwe?"

"Hapana, ni vile... waonekane wachache tu. Sifuri kila siku si vizuri."

Alinitazama kwa huruma. "Wewe umesoma, lakini mashindano huyajui," alisema. "Ukipunguza, wenzako wanapita." Akaendelea kuimba.

Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja zaidi. Nilikuwa nayo tayari kinywani. Lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu ule mwaka wa mbuzi, na mimi nilijiambia kijana yule si mkubwa wa mradi, pengine wakubwa wataamua vingine, pengine kesho nitapata namna nzuri ya kuanza. Kesho yake niliandika sifuri nne. Wifi yangu aliniuliza, nilipopita na fomu kwapani, "Neti zitafika lini?" Nikasema karibuni. Aliniuliza hivyo karibu kila wiki, bila haraka, na kila wiki nilisema karibuni.

Mwisho wa wiki sita tuliitwa barazani. Kina mama wa kwetu walivaa sare ya kikundi. Chifu msaidizi alianza kwa kutusifu kwamba ufuo wetu ni mfano wa usafi katika lokesheni nzima, na mama akasimama akapigiwa makofi, yale makofi aliyoyangoja miaka yote. Halafu kijana wa mradi akasimama akasema kwamba, kwa sababu hiyo, neti zitaanza upande wa pili, na sisi tutafikiriwa mwaka ujao. Mama alikuwa bado amesimama.

Njiani alitutangulia sote. Nyumbani aliketi, akavua kitambaa cha kichwa, akamwuliza baba, "Yaani mwenye mbu wengi ndiye anayepewa zawadi? Hiyo ni serikali ya wapi?" Baba alitazama miguu yake. Ilikuwa laini kama ya mtoto, haina alama hata moja, na alikuwa ameifurahia sana kwa wiki sita.

Nyar Alego aliugua mimba ilipoingia mwezi wa saba. Ilianza kwa kutetemeka baada ya chakula cha mchana, na kabla ya jua kuzama alikuwa hayajui tena majina yetu. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, tukapata gari la samaki likatufikisha hospitali ya Kombewa. Wauguzi walifanya walichoweza. Yeye walimwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume.

Kaka yangu alikuja kutoka Kisumu, akakaa siku tatu, akarudi kazini. Tulimzika mtoto bila maneno mengi, kama wazikwavyo watoto ambao hawajapewa jina. Wifi yangu alirudi amekonda, na sasa angeweza kuvumilia harufu ya mafuta. Mama aliyaona hayo siku alipofungua chupa kwa kusahau, na Nyar Alego hakuinuka. Mama aliifunga ile chupa akaenda nyuma ya jikoni, na mara hii aliyelia huko alikuwa yeye.

Wiki chache baadaye kijana wa mradi alipita kutusalimu akitoka kugawa neti upande wa pili. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuoga na kujipaka, akaja kumpa mkono. Siku hiyo omena zilikuwa zimeuzwa zote. Kijana alishika mkono wa baba, akanusa, akaurudisha mkono puani, akanusa tena. Akatazama miguu ya baba. Akavua miwani akaketi juu ya kinu chetu bila kukaribishwa.

Nilidhani atapiga kelele. Alicheka, kwanza kidogo, halafu hadi machozi yakamtoka, halafu akanyamaza akasema, "Wiki sita." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa sayansi, akatoa daftari. Alitaka kuona mimea yote. Mama hakuwa na raha na Kiswahili chake cha haraka, na kijana hakujua Kijaluo, basi nikawekwa katikati kutafsiri, na maelezo nikampa kwa Kiingereza alivyotaka yeye, ayaandike moja kwa moja.

Tulizunguka boma. Mama alimwonyesha kivumbasi, akakisugua kati ya vidole akamsogezea puani. Alimwonyesha mwarobaini na namna ya kuchagua mbegu. Alimweleza kwa nini kivulini, kwa nini moto mdogo, kwa nini nta. Alieleza vizuri na kwa utaratibu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayejibu polisi. Nyar Alego alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa anachambua maharagwe. Alikuwa amesoma hadi kidato cha pili, na Kiingereza alikisikia.

Mwishoni kijana aliuliza kama kuna mtu yeyote ambaye mafuta haya hayakumsaidia. Nilimtafsiria mama.

Mama alijifuta vidole kwenye kanga. Kisha akasema, kwa Kijaluo, polepole ili nisikose neno, "Mwambie dawa haina makosa. Mwambie mimi nilifikiri ni mashindano. Mtoto wangu alikuwa anahitaji neti, na mimi ndiye niliyeizuia, kwa mkono huu, kila jioni. Mwambie hakuna mtu aliyenijulisha, lakini ningeuliza."

Kijana alikuwa anangoja, kalamu juu ya karatasi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anasema baadhi ya wajawazito hawapendi harufu yake.

Akaandika. Mama akanishika mkono akanishukuru kwa kumsemea. Chini ya ukingo wa paa Nyar Alego aliacha kuchambua maharagwe, akainua macho, akanitazama.